Tairi Moja Jipya, Gia Boksi Taabani

Ukipita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au ukiingia vichochoro vya Grogan, utakuta gia boksi za Subaru zimelazwa chini, zikichuruzika mafuta meusi. Nyingi zimetolewa kwenye magari yaliyovunjwa Japani. Kila moja inamsubiri mteja aliyedhani amepata gari kwa bei ya kutupa.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda na gari la aina hiyo mwaka 2000. Mkazi wa Kinangop ana sababu iliyo karibu zaidi na nyumbani: masika yakishika, Forester hupanda mlima wenye tope huku gari la mwenzake likisukumwa na vijana. Tatizo huja gari likizeeka na kupita mkono wa tatu au wa nne.

Subaru nyingi husukumwa na magurudumu yote manne, na gari linapokata kona, ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Lazima pawe na kifaa katikati cha kuyaruhusu yapishane mwendo. Katika Subaru nyingi za gia za mkono, kazi hiyo hufanywa na difu ya katikati yenye sahani ndogo ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Katika nyingi za otomatiki za zamani, ni klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa gia boksi.

Sasa mchukue dereva aliyepasukiwa tairi Naivasha. Ananunua moja jipya, matatu yaliyolika yanabaki. Jipya lina mzingo mkubwa, kwa hiyo huzunguka polepole kuliko wenzake. Kwa kifaa kile cha katikati, ni kama gari linakata kona kutoka Naivasha hadi Kisumu bila kunyooka. Sahani husuguana, joto hupanda, mafuta huungua. Kipimo kinachojulikana kwa mafundi wa Subaru ni robo inchi, yaani takriban milimita 6: tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi hapo.

Kuvuta gari vibaya nako huua. Likiharibika njiani, lipandishwe lote mgongoni mwa lori. Ukiinua magurudumu mawili na kuacha mawili yaburuzwe, unaweza kufikisha gereji ugonjwa mwingine kabisa.

Kabla ya kununua, mwombe fundi alipeleke gari mahali pakavu, akate usukani hadi mwisho, aachie breki na kuliacha litambae. Lililo zima huzunguka kwa ulaini. Gonjwa hukakamaa na kurukaruka, kana kwamba mtu amekanyaga breki. Kisha achomoe kijiti cha mafuta ya gia ya otomatiki na kupaka tone kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa mekundu na safi, endeleeni kuzungumza bei. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, mshukuru muuzaji na uondoke.

Na aliyekwisha kuumwa? Mara nyingine kubadilisha mafuta au klachi ile ya nyuma pekee kunatosha. Ikibidi gia boksi nzima, usikubali maneno ya "hii inaingia tu". Uwiano wa meno lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Kuna Subaru za 4.11 na kuna za 4.44, ukizichanganya, mbele na nyuma vitavutana tangu kilomita ya kwanza, na gia boksi uliyoilipia jana itarudi sakafuni ilikotoka.

Gari la aina hii si baya. Baya ni kulinunua kwa bajeti ya gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu. Anayetaka kuliweka barabarani anunue matairi manne kwa mpigo, ya aina moja na saizi moja, na abadilishe mafuta ya gia na ya difu kabla hayajaanza kunuka. Asiyeweza hayo, na ambaye njia yake ya kila siku ni lami kutoka Rongai hadi mjini, achukue gari la kawaida na pesa zinazobaki alipie karo.