Kutoka Ishango hadi Nyalukemba: Sifuri na moja zinavyoweza kugawa mali kwa haki

BUKAVU, Kivu Kusini – Mkaaji wa kartie ya Nyalukemba, komini ya Ibanda, anapomtumia ndugu yake pesa kwa simu, kiasi hicho hakisafiri kwa tarakimu kumi zinazofundishwa darasani. Husafiri kwa alama mbili tu: sifuri na moja. Uandishi huo huitwa mfumo wa binari, na ndani yake wanahisabati wamegundua mfuatano unaoweza kupunguza ugomvi wa kugawana mali.

Katika binari, kila nafasi ina thamani maradufu ya ile iliyo kulia kwake: moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. Namba 5, yaani nne na moja, huandikwa 101. Namba 6 ni 110, na 7 ni 111. Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha maelezo ya mfumo huu mwaka 1703, zaidi ya karne mbili kabla ya kompyuta za kielektroniki.

Ukihesabu "moja" zilizomo katika kila namba kuanzia 0 hadi 7, unapata 0, 1, 1, 2, 1, 2, 2, 3. Mfuatano huo umo katika hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya namba iliyoanzishwa na Neil Sloane, aliyeanza kuikusanya mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi.

Sasa weka 0 pale hesabu inapokuwa shufwa, na 1 inapokuwa witiri. Unapata 0, 1, 1, 0, 1, 0, 0, 1. Huu ndio mfuatano wa Thue-Morse, wenye majina ya Axel Thue wa Norway, aliyeuandikia mwaka 1906, na Marston Morse wa Marekani, aliyeufikia kwa njia yake mwaka 1921.

Faida yake inaonekana nyumbani. Tuseme ndugu wawili wanagawana vitu nane vya marehemu baba yao, chenye thamani kubwa kikiwa cha dola 800, kinachofuata 700, hadi cha mwisho cha dola 100. Wakichagua kwa zamu ya kawaida, mkubwa akianza, yeye anaondoka na dola 2,000 na mdogo 1,600. Pengo la dola 400 linatokana na zamu tu, wala hakuna aliyedanganya.

Wakifuata mfuatano, zamu zinakuwa: mkubwa, mdogo, mdogo, mkubwa, mdogo, mkubwa, mkubwa, mdogo. Mkubwa anapata 800, 500, 300 na 200. Mdogo anapata 700, 600, 400 na 100. Kila mmoja ana dola 1,800.

Thamani zisiposhuka kwa hatua sawa, usawa huenda usiwe kamili, lakini faida ya kuanza kwa kawaida hupungua. Kwa vitu 16, zamu nane za nyongeza ni kinyume cha zile za kwanza: penye mkubwa anaingia mdogo.

Msingi wa binari ni kuongeza maradufu, na wazo hilo si geni mashariki mwa Kongo. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, Kivu Kaskazini, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa wa takriban sentimita 10 wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Safu moja inaanza na mikato 3 kisha 6, halafu 4 kisha 8, halafu 10 na 5. Safu nyingine mbili zina jumla ya 60 kila moja. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi, na wengine wanaonya kwamba mikato pekee haithibitishi nia ya aliyeichonga.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia ya Ubelgiji. Mwanafunzi wa Bukavu anayetaka kuuona kwa macho anahitaji viza na tiketi ya ndege. Kwa mfuatano wa sifuri na moja, anahitaji chaki tu.