Vilele vya Kutazamia Mizabibu ya Douro



Mkulima akisafiri hutazama kwanza shamba la mwenzake, mji baadaye. Kwa hiyo tumeona vema kuwaelezeni habari za bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, nchi ya mizabibu iliyowekewa mipaka kwa amri ya serikali tangu mwaka 1756. Zabibu zake hukamuliwa mvinyo, kinywaji ambacho wengi wetu hatukigusi. Lakini kazi ya jembe ni kazi ya jembe, nayo yafaa kutazamwa.

Kilele cha kwanza ni Casal de Loivos, kijiji kilicho juu ya mji mdogo wa Pinhão. Ukisimama hapo waona mto ukipinda chini yako, na milima imekatwa ngazi ngazi toka majini hadi juu. Kila ngazi imezuiliwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, na udongo wake ni mwamba uliovunjwa kwa mikono ya watu.

Cha pili, upande wa magharibi, ni São Leonardo de Galafura. Mshairi wao Miguel Torga alipasifu mahali hapo, na maneno yake yameandikwa papo hapo.

Cha tatu, upande wa mashariki, ni São Salvador do Mundo. Chini yake ni korongo la Valeira, ambamo Joseph James Forrester, Mwingereza mfanya biashara aliyechora ramani ya mto huo, alizama mwaka 1861. Siku hizi maji yametulia kwa sababu ya bwawa lililojengwa katika miaka ya 1970.

Mwaka 2001 UNESCO ililitia bonde hili katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mkulima asiishie kusifu uzuri. Atazame vizuri, ataona kuta nyingine zimesimama na ndani yake hamna mzabibu, ila kichaka. Wenyeji huziita mortórios, neno la asili moja na neno lao la mauti. Katika miaka ya 1860 aliingia mdudu mdogo aitwaye filoksera, atokaye Marekani, akanyonya mizizi hata mizabibu ikafa. Waliojiweza walipanda upya, wakiunganisha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mdudu huyo hayaui. Wasiojiweza waliacha, na ngazi zao zi tupu hata leo.

Na sisi twalijua jambo hili. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na wazee wetu wakapanda tena. Basi kila mwanachama apande kilima kilicho karibu naye, ahesabu mapengo ya shamba lake. Mche wa mkarafuu hauzai ila baada ya miaka. Angojaye mti wa zamani ufe ndipo apande, amekwisha chelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tayarisheni mashimo kabla ya masika.

Katibu