Mungu Hakuja kwa Meli

Ukitoka mjini kwa barabara ya Kangundo utafika kwetu Mowlem, mahali ambapo magorofa yamesongamana hata jua la asubuhi huingia nyumbani kwa kubahatisha. Katika nyumba moja ya hapo, ghorofa ya nne, niliitwa mwaka jana kumwombea susu, ndivyo Wakamba wamwitavyo nyanya, aliyeletwa na mwanawe kutoka Kitui ili apate matibabu.

Hospitalini alipewa dawa. Lakini usiku alimwota marehemu mumewe akimwita kwa jina, akaamka akitetemeka. Basi mimi nikafungua kitabu changu nikaanza kumweleza habari za ndoto na akili za mwanadamu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, umesema vyema. Sasa utaniombea saa ngapi?"

Niliona haya. Nilipokuwa nikishuka ngazi nikamkumbuka Profesa John Mbiti.

Mwaka 1974 Mbiti aliandika kisa cha kijana Mwafrika aliyesomea elimu ya Mungu ng'ambo kwa miaka mingi, akajifunza lugha za kale, akarudi na shehena ya vitabu. Kijiji kizima kikaja kumlaki. Katikati ya sherehe dada yake akapiga ukelele akaanguka, na watu wakasema ana pepo. Wote wakamgeukia msomi: msaidie dada yako! Yeye akakimbilia kitabu cha mwalimu wa Ujerumani aitwaye Bultmann, akakuta ya kwamba mambo ya pepo ni hadithi za kale tu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka sana. Siku ile sikucheka.

Mbiti mwenyewe alikuwa msomi wa namna hiyo. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akasoma Alliance, kisha Makerere, akapata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963. Alifundisha Makerere miaka kumi, tangu 1964. Baadaye aliongoza chuo cha Baraza la Makanisa la Ulimwengu huko Bossey, Uswisi, akawa pia mchungaji wa ushirika katika mji wa Burgdorf. Hapo ndipo waonapo wengine kinyume: mtetezi wa imani ya Kiafrika akiwahubiria Waswisi! Mimi sioni kinyume. Kwa nini njia ya Injili iwe ya kuja huku tu?

Neno lake kubwa lilikuwa hili: wamisionari walileta habari za Yesu Kristo, lakini hawakumleta Mungu, kwa maana Mungu alikuwa huku kabla yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka kwa makabila zaidi ya 270 ya Afrika. Hebu fungua Biblia yako ya lugha ya nyumbani. Mkikuyu na Mkamba watasoma Ngai, Mjaluo atasoma Nyasaye. Majina hayo hayakushuka melini. Babu zetu waliyaita wakati wa ukame na wakati wa mavuno. Naye Paulo kule Athene, katika Matendo 17, alianza na madhabahu aliyoikuta.

Si wote waliokubali. Byang Kato wa Nigeria aliandika kitabu kilichochapwa Kisumu mwaka 1975, akaonya ya kwamba kwa njia hii msalaba utaonekana kama nyongeza tu. Onyo hilo si la kudharauliwa. Lakini Mbiti hakuuacha msalaba. Uzeeni alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, kazi iliyotoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kufa kwake. Mtu aonaye Injili kuwa nyongeza hajitaabishi hivyo akiwa amepita miaka themanini.

Na tena, ndugu, chini ya ghorofa ile, juu ya nguzo ya umeme, palikuwa pamebandikwa tangazo la mganga na nambari ya simu: kuondoa mapepo, kutuliza wafu. Yeye hakuhitaji kitabu cha Ujerumani. Alijua watu wanaamkia nini saa nane za usiku.

Nilirudi Jumamosi bila kitabu changu. Nilimwuliza susu jina la mumewe, na alikuwa mtu wa namna gani. Alizungumza karibu saa nzima. Kumbe tangu mazishi hakuna aliyemwuliza. Kisha mwanawe akasoma Zaburi kwa Kikamba, na nilipotaka kuomba, susu akanitangulia. Alimwita Ngai, akamwita Mulungu, akamwita Yesu, akamtaja mumewe na kumweka mikononi mwake. Sehemu yangu ilikuwa kusema Amina.

Dawa za hospitali anaendelea kuzimeza. Habari za ndoto sikumwuliza tena, lakini alipanda basi la Kitui mwezi uliofuata, akaniachia mfuko wa pojo.