Fallout: Mtamba uliouzwa kwa bei ya kiangazi

WAFUGAJI wa Enguserosambu, kata iliyoko Loliondo wilayani Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya, wana kanuni ya biashara isiyohitaji kalamu. Anayetafuta fedha za mahindi au ada ya shule hupeleka mnadani dume au maksai. Mtamba hubaki zizini, kwa sababu ndani yake mna ndama wa miaka ijayo.

Kanuni hiyo huvunjika ukame unapobana. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009, mifugo ilipokufa kwa wingi katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania. Wakati kama huo wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wachache, na mnyama mzuri huondoka kwa bei ya kutupa.

Biashara ya michezo ya kompyuta duniani nayo ina mtamba wake uliouzwa kiangazi. Aprili 2007, kampuni ya Interplay ya California, Marekani, iliuza jina na haki za mfululizo wa michezo uitwao Fallout kwa dola za Marekani milioni 5.75. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Bethesda Softworks ya Maryland.

Miaka minane baadaye, nakala za mchezo mmoja tu wa mfululizo huo zilizopelekwa madukani kwa siku ya kwanza zilikuwa na thamani ya dola milioni 750.

Bidhaa yenyewe

Katika Fallout, mchezaji huchukua nafasi ya mtu aliyemo ndani ya hadithi. Yeye ndiye anayeamua aseme nini, afanye biashara na nani na apigane na nani.

Hadithi inahusu Marekani ya wakati ujao ulioharibika. Mataifa yaligombea mafuta yaliyokuwa yakiisha, na tarehe 23 Oktoba 2077 yakamalizana kwa mabomu ya nyuklia. Baadhi ya walionusurika walikuwa wamejificha katika mahandaki yaliyojengwa na kampuni binafsi.

Mchezo wa kwanza unaanza mwaka 2161. Kifaa cha mtambo wa maji katika handaki namba 13 kimeharibika, na mchezaji anapewa siku 150 kutafuta kingine huko nje.

Huko nje hakuna benki kuu. Wafanyabiashara husafiri kwa misafara wakiwa na ng'ombe wenye vichwa viwili, na fedha yao ni vizibo vya soda. Vizibo hivyo vina thamani kwa sababu wafanyabiashara wa mji uitwao Hub wanavipokea na kuvilinganisha na maji.

Kwa mchuuzi wa mpakani, anayeshika shilingi ya Tanzania na ya Kenya katika soko moja, jambo hilo si geni. Fedha ni kile ambacho mwenzako atakubali kukipokea kesho.

Jina la kwanza lilivyopotea

Interplay ilianzishwa mwaka 1983. Mwaka 1988 ilitengeneza mchezo ulioitwa Wasteland, nao ukasambazwa na kampuni ya Electronic Arts. Jina lilibaki mikononi mwa msambazaji. Interplay ilipotaka kuendeleza hadithi za aina hiyo haikuwa na ruhusa ya kulitumia, ikalazimika kubuni jina jipya.

Jina hilo jipya ndilo Fallout. Mchezo ulitoka Oktoba 1997, na wa pili ukafuata mwaka 1998.

Mwaka huo huo wa 1998 hisa za Interplay ziliingia katika soko la NASDAQ. Ndio mwaka ambao Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo lilianza mauzo yake, mwezi Aprili, kwa hisa za kampuni ya TOL.

Hata hivyo, kuingia sokoni hakukuiokoa Interplay na madeni. Mwaka 2001 kampuni ya Titus ya Ufaransa ilishika sehemu kubwa ya hisa zake. Mwanzilishi, Brian Fargo, aliondoka mwaka uliofuata, na katika mwaka huo wa 2002 hisa za kampuni ziliondolewa NASDAQ. Desemba 2003, kitengo cha Black Isle kilichotengeneza Fallout 2 kilifungwa, na kazi ya mchezo wa tatu iliyokuwa ikiendelea ikafa.

Maziwa kwanza, kisha ng'ombe

Mauzo yalifanyika kwa awamu. Mwaka 2004 Bethesda ilichukua leseni ya kutengeneza Fallout 3, kwa malipo ya awali ya dola milioni 1.175 dhidi ya mrabaha. Hapo Interplay iliuza maziwa tu. Ng'ombe alikuwa bado wake.

Mwaka 2007 akauzwa ng'ombe mwenyewe. Interplay ilibakiwa na leseni ya kutengeneza mchezo mmoja wa Fallout wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Leseni hiyo nayo ilizua kesi mwaka 2009. Kesi ilimalizwa kwa mapatano Januari 2012: Interplay ilipokea dola milioni 2 na kuiachia haki hiyo, huku ikiruhusiwa kuuza michezo ya zamani hadi mwisho wa mwaka 2013. Baada ya hapo haikubakiwa na kitu katika Fallout.

Mnunuzi avuna

Fallout 3 ilitoka Oktoba 2008. Bethesda ilitangaza kuwa imepeleka madukani nakala milioni 4.7, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300. Fallout 4 ilifuata Novemba 2015 kwa nakala milioni 12 katika saa 24 za kwanza. Ndizo zilizofikia dola milioni 750.

Msomaji asichanganye takwimu hizo na faida. Ni thamani ya rejareja ya nakala zilizopelekwa madukani, ambamo wauza duka na watengenezaji wa mashine za michezo nao wana fungu lao. Aidha, mnunuzi alilipa mishahara ya mafundi kwa miaka kabla ya kuona senti ya kwanza. Dola milioni 5.75 hazikuwa wizi. Ilikuwa bei aliyokubali muuzaji mwenye madeni, mbele ya mnunuzi mwenye mtaji na subira.

Mwaka 2020 Microsoft ilitangaza kuinunua ZeniMax Media, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5, na ununuzi ukakamilika Machi 2021. Bei hiyo ilihusu majina na viwanda vingi vya michezo, lakini Fallout ilikuwa miongoni mwa majina makubwa katika kapu hilo.

Aprili 2024 ulitoka mchezo wa televisheni wa Fallout kupitia Prime Video ya Amazon. Baada ya hapo Fallout 4, mchezo wa mwaka 2015, ulipanda tena hadi nafasi ya kwanza kwa mauzo Ulaya. Mtamba alikuwa amezaa tena.

Wengine waliokosa

Jina peke yake halitoshi. Novemba 2018 Bethesda ilitoa Fallout 76 ikiwa na kasoro nyingi, wateja wakalalamika, na wiki chache baadaye bei ilikuwa imeshushwa madukani.

Mkataba nao unaweza kumponza mtu. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas kwa malipo maalumu yasiyo na mrabaha. Ilikuwa ipate bonasi endapo wastani wa maksi za wahakiki katika orodha ya Metacritic ungefikia 85. Wastani ulikuwa 84. Mchezo uliuzwa vizuri, bonasi haikulipwa.

Kwa upande wake, Fargo alilipata tena jina la Wasteland mwaka 2003 na kulipeleka katika kampuni yake mpya ya inXile. Mwaka 2012 alichangisha umma kiasi cha dola milioni 2.9 kupitia Kickstarter, na Wasteland 2 ikatoka mwaka 2014. Mwaka 2018 Microsoft ilizinunua inXile na Obsidian. Baada ya ununuzi wa ZeniMax, Wasteland, Fallout na waliotengeneza New Vegas wote wamejikuta katika boma moja.

Somo kwa wafanyabiashara

Afrika Mashariki nayo ina watengenezaji wa michezo. Nairobi X, unaohusu viumbe wa anga za juu wanaouvamia mji wa Nairobi, ulitolewa mwaka 2015 na kampuni ya Kenya ya Black Division Games. Lakini somo la Fallout haliwahusu watengenezaji wa michezo pekee. Linamhusu mwenye jina la unga, la kanga, la bendi au la asali.

Kwanza, anayeuza bidhaa kupitia msambazaji aangalie mkataba unasema jina ni la nani. Kosa la Wasteland lilifanyika mapema, biashara ikiwa ingali changa. Nchini Tanzania alama ya biashara huandikishwa BRELA, na kazi za sanaa hushughulikiwa na COSOTA. Gharama ya kuandikisha ni ndogo kuliko ya kubuni jina jipya na kuwafundisha wateja upya.

Pili, mwenye shida ya fedha ajaribu kukodisha kabla ya kuuza. Leseni yenye muda maalumu na mrabaha huleta fedha, na muda ukiisha mali hurudi. Akilazimika kuuza, adai asilimia ya mapato ya baadaye, hata iwe ndogo.

Tatu, mwenye hisa chache asome taarifa ya kampuni yake kwa makini pale inapotangaza kuuza mali ili kulipa deni. Mauzo hayo hupendezesha hesabu za mwaka mmoja, hata gawio likaonekana liko karibu. Swali la kuuliza katika mkutano mkuu ni moja: kilichouzwa ni maksai au mtamba? Jibu likiwa la pili, hesabu za mwaka unaofuata zitaanza na zizi lililopungua.