Karabai za Mbinguni: Jinsi Umbali wa Galaksi Jirani Unavyopimwa

Mtu asimamaye ufukoni Kilwa Masoko katikati ya mwezi wa Novemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, iwapo hakuna mawingu wala mbalamwezi, aweza kuona kwa macho matupu galaksi tatu zilizo nje ya hii yetu iitwayo Njia Nyeupe. Akielekea kusini, upande wa Kilwa Kisiwani, ataona mabaka mawili ya mwanga hafifu, mfano wa vipande vya wingu visivyosogezwa na upepo. Hayo ndiyo Mawingu ya Magellan, Dogo na Kubwa. Akigeuka kaskazini ataona baka la tatu, dogo zaidi. Hilo ni Andromeda, ambalo mwanafalaki wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 964. Je, mabaka hayo yako mbali kiasi gani, nasi twajuaje?

Mvuvi wa usiku anaijua nusu ya jibu. Karabai mbili za aina moja zikiwaka baharini, iliyo mbali huonekana hafifu. Kanuni yake ni hii: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaotufikia hubaki robo, ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Basi tukiijua nguvu halisi ya karabai, twaweza kukokotoa umbali wake. Kazi ni kupata mbinguni karabai za aina moja.

Karabai hizo ni nyota ziitwazo majitu mekundu. Nyota iliyo mfano wa Jua hutoa nuru kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu. Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujibana, na tabaka za nje huvimba na kupoa hata zikawa nyekundu. Heliamu huendelea kurundikana kiinini, na nyota huzidi kung'aa. Kiini kifikapo karibu nusu ya uzito wa Jua, na joto lake nyuzi milioni 100 hivi, heliamu nayo huwaka kwa ghafla. Ndipo nyota husinyaa na mwangaza wake hushuka. Kwa kuwa uzito huo wa kiini ni karibu sawa kwa nyota zote za namna hii, kikomo cha mwangaza wao nacho ni karibu sawa: mara 2,000 hivi ya mwangaza wa Jua.

Mtaalamu hatafuti nyota moja. Hupiga picha ya ukingo wa galaksi, ambako vumbi ni haba, kisha huzihesabu nyota nyekundu kwa madaraja ya mwangaza. Katika madaraja ya juu nyota ni chache. Mara, katika daraja moja, idadi huruka. Hapo ndipo kilipo kikomo. Mwaka 1944 Walter Baade alitangaza kuwa ameweza kuzitenga nyota nyekundu za sehemu ya kati ya Andromeda, akisaidiwa na giza la wakati wa vita, taa za Los Angeles zilipofifishwa. Mwaka 1993 Myung Gyoon Lee, Wendy Freedman na Barry Madore waliifanya njia hii kuwa kipimo cha kutegemewa.

Lakini karabai ya kwanza sharti ipimwe kwa njia nyingine. Katika Wingu Kubwa la Magellan wataalamu walichunguza jozi 20 za nyota zinazozungukana na kukingana, wakapata ukubwa wao halisi, na kutokana nao umbali: miaka ya nuru 162,000 hivi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2019, na kosa lake ni kama asilimia moja. Sasa, majitu mekundu ya Andromeda yaliyo katika kikomo huonekana hafifu mara 240 hivi kuliko yale ya Wingu Kubwa. Kipeuo cha pili cha 240 ni kama 15.5. Zidisha kwa 162,000, utapata miaka ya nuru milioni 2.5.

Hesabu hiyo yaonyesha pia hatari yake. Tukikosea umbali wa Wingu Kubwa kwa asilimia tano, tumekosea Andromeda na kila galaksi iliyopimwa kwa kulinganishwa nalo kwa kiasi hicho hicho. Hatari nyingine ni vumbi lililo kati yetu na nyota hizo, ambalo hufifisha nuru kama ukungu ufifishavyo karabai. Mwaka 2019 kundi la Freedman, likitumia majitu mekundu, lilipata kwamba ulimwengu unatanuka kwa kilomita 69.8 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Kundi la Adam Riess, likitumia nyota za namna nyingine, lilipata 74. Sehemu ya mabishano yaliyofuata ilihusu kiasi cha vumbi mbele ya Wingu Kubwa hilo hilo. Na kwa tarakimu hizo ndipo umri wa ulimwengu unapokadiriwa.

Mwanafunzi wa London hawezi kuliona baka hilo akiwa kwao, kwani halichomozi kamwe. Mwenzake wa Kilwa au Lindi hahitaji hata darubini. Atoke nje, asubiri macho yazoee giza, kisha atazame kusini.