Mwajiri, bima ya wafanyakazi wako imeisha lini?

Je, msomaji, una karakana ya kuchomelea vyuma, kinu cha kusaga unga au duka la kuunda fanicha mtaani Lucky Summer, Baba Dogo au Ngomongo? Je, umeajiri vijana wawili au watatu? Basi leo itoe sandukuni ile karatasi ya bima ya wafanyakazi uitazame tarehe. Huenda muda wake ulikwisha kitambo nawe hukutambua.

Wenye biashara ndogo wengi hudhani kwamba bima hii ni ya viwanda vikubwa pekee. Sivyo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana sana kama WIBA, yamtaka kila mwajiri akate bima hiyo na aidumishe. Haijali kama mlipatana kwa maandishi au kwa mdomo, wala kama unamlipa mtu kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Hata mwanagenzi anayejifunza kazi anahesabiwa.

Mwajiri anayepatikana na hatia ya kukosa bima aweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kupewa adhabu zote mbili.

Hata hivyo, ukiisha kulipa faini, deni la fidia lingalipo. Chukua mfano wa kijana anayepata Sh15,000 kwa mwezi. Akiumia kiasi cha kutoweza kufanya kazi tena maishani, sheria yasema alipwe mshahara wa miezi 96, yaani Sh1,440,000. Daktari akikadiria kwamba amelemaa kwa asilimia 10, ni Sh144,000. Juu ya hayo kuna gharama za matibabu, na mshahara wake anapouguza jeraha kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Bima ikiwa hai, kampuni hulipa. Ikiwa imekufa, utalipa wewe, hata ikibidi uuze mashine.

Usijifariji kwamba kijana ana kadi ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Hiyo ni ya matibabu. Haimlipi mtu kwa kidole alichopoteza.

Ajali ikitokea, mtu kwanza, karatasi baadaye. Jeraha likivuja damu, likandamize kwa kitambaa safi bila kuachilia. Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Chembe ya chuma ikimchoma mtu jichoni, asilisugue jicho, wala mtu asijaribu kuing'oa. Lifunike bila kulikandamiza, umpeleke hospitalini mara moja. Kumsafirisha majeruhi ni wajibu wa mwajiri. Muulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda, kwa maana chuma kichafu ni hatari hata jeraha likiwa dogo.

Kisha mwajiri apige ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku saba. Ikiwa mtu amefariki, ni saa 24.

Nawe mfanyakazi, mwarifu mwajiri wako upesi unapoumia, na uhifadhi karatasi zote za hospitali. Una miezi 12 tangu siku ya ajali kudai fidia. Wengi huzipoteza haki zao kwa kupewa pesa kidogo za dawa na kuambiwa wanyamaze. Jeraha lililoonekana dogo huja kukaza kiungo, na wakati huo miezi imekwisha kupita.

Bima haimzuii mtu kuumia. Nunua miwani ya kukinga macho, glavu na viatu vigumu, funika mikanda ya mashine inayozunguka, na uweke sanduku la huduma ya kwanza mahali ambapo kila mtu analiona. Halafu andika tarehe ya kulipia bima ukutani, kando ya ile ya kodi ya nyumba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.