Kwa Nini Daktari Hupima Shingo Kabla ya Kuongeza Dripu

Mgonjwa ameletwa hospitalini akiwa amelegea, mikono baridi, presha imeshuka. Jamaa zake wanatarajia jambo moja: atundikiwe dripu, tena iende haraka. Badala yake daktari anampaka jeli shingoni na kumwekea kifaa cha altrasaundi, mashine ambayo wengi wetu tunaijua kwa kliniki ya wajawazito. Je, anapoteza wakati?

La. Anataka kujua kama maji zaidi yatamsaidia mgonjwa huyo au yatamdhuru. Takriban nusu ya wagonjwa mahututi wakiongezewa maji, moyo hausukumi damu zaidi ya awali. Maji ya ziada yanaweza kuvujia kwenye mapafu, mgonjwa akashindwa kupumua.

Somo hili tumelipata hapa hapa nyumbani. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya (Kilifi ikiwemo), Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulihusu watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kati ya kila 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakuharakishiwa maji, walikuwa 7.

Mshipa mkubwa wa shingoni hurudisha damu kutoka kichwani hadi moyoni. Kwenye skrini huonekana kama duara jeusi. Damu ikipungua, mshipa hunywea mgonjwa anapovuta pumzi, kisha hufunguka tena. Ukijaa, haubadiliki sana. Daktari hupima tofauti hiyo ya upana; ikiwa kubwa, huenda maji yakasaidia. Kifaa huguswa ngozini kidogo tu, kwani ukikikandamiza mshipa hujifunga na kipimo huharibika.

Kipimo hiki hakitoshi peke yake. Daktari bado huangalia presha, mkojo na mapafu. Wakati mwingine huinua miguu ya mgonjwa ili damu ya miguuni irudi moyoni, aone kama moyo utaitikia kabla ya kuongeza hata tone moja.

Kwa hivyo ukiwa na mgonjwa wadini, tafadhali usiguse kidhibiti cha dripu ili iende mbio. Mweleze muuguzi mapema ikiwa mgonjwa ana ugonjwa wa moyo au figo. Anayehara sana ni suala tofauti: huyo amepoteza maji mengi, na watoto wenye kuhara hawakuwa katika utafiti huo. Mpe ORS mkiwa njiani, na msichelewe kufika hospitalini.